Uso wa Mwenye Mizani

Mikono ya fundi Tanhumu ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo kazi ya kupamba sakafu ya sinagogi jipya pale kijijini kwao Galilaya ilimwangukia binti yake, Shapira. Kwa miezi mitano alipiga magoti akipachika vijiwe kwenye chokaa mbichi, akichora nyota za miezi ya mwaka, moja baada ya nyingine. Mwana-kondoo wa Nisani alikwisha, na Nge wa Heshvani pia. Ilibaki Mizani, alama ya Tishri, mwezi ambao matendo ya kila mtu hupimwa mbinguni.

"Huyo mshika mizani utampa uso gani?" baba yake aliuliza.

"Uso wa mtu tu, baba."

Uso wenyewe alikuwa nao tayari. Mwaka wa ukame alikwenda, mwanawe Nahumi akiwa mgongoni, dukani kwa Zavdai, muuza ngano. Kwa nyuma, mlango ukiwa wazi, aliona mawe ya mizani yamefukiwa kwenye chumvi ili yaliwe, yapungue uzito. Alikwenda kuwaambia wazee. Wakamcheka. "Binti Tanhumu, njaa imekupanda kichwani." Nahumi hakuyaona mavuno.

Sabato ya kwanza, mikeka iliyofunika sakafu ilipoondolewa, watu waliinama kutazama. Mshika mizani alikuwa na unyusi uliokatika wa Zavdai, na tabasamu lake lile la kukaribishia wateja. Miguuni pake vilimwagika vijiwe vyeupe, laini kama chumvi.

"Huyu si Zavdai huyu?"

"Ndiye. Na hiyo nyeupe ni nini?"

"Kamuulize yeye, mbona amekaa mbele pale."

Sabato ilipokwisha, wanaume wanne walikwenda dukani na mawe yao wenyewe wakayalinganisha na yake. Mawe ya Zavdai yalikuwa mepesi, yote. Tangu siku hiyo watu walifuata ngano kijiji cha pili, na kiti chake cha mbele kikapewa mwingine.

Siku ya Upatanisho ilipokaribia, Zavdai alikuja na mashahidi watatu, kama desturi inavyotaka.

"Mama Nahumi, nimekukosea. Nisamehe."

Shapira aliendelea kusaga. Siku ya pili alikuja tena, akajibiwa na mlio wa jiwe la kusagia. Siku ya tatu alilia, mtu mzima, machozi yakimwingia ndevuni.

"Dada, ni mara ya tatu hii," shahidi mmoja alimwonya. "Ukikataa sasa, yeye yuko huru. Dhambi inabaki kwako."

Shapira alifuta unga mikononi.

"Mtoto nilimbeba mwenyewe mpaka kaburini. Na hiyo nitaibeba."

Akafunga mlango. Baba yake alikuwa mezani, mbele ya chakula cha mwisho kabla ya mfungo.

"Umeridhika?"

"Bado," alisema Shapira, akaketi, akamega mkate. Alikula kwa hamu, akaongeza wa pili.