Rambirambi za Wachumi

Ukitaka kujua wasomi wanavyopimana, usiangalie magari yao. Angalia nani kamnukuu nani. Mtu anatoa jasho miaka miwili kwa ajili ya makala moja ya kurasa ishirini, halafu anakaa kusubiri mwenzake mahali fulani aandike: kama alivyoonyesha fulani. Akitajwa mara moja tu, wiki nzima anatembea kifua mbele. Asipotajwa, amepiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Dokta Otmar aliyajua hayo kuliko wengi, maana alikuwa mhariri wa jarida la uchumi la chuo kimoja kidogo pale Shinyanga mjini. Jarida lenyewe lilikuwa jembamba, na lilitoka mara mbili kwa mwaka kama mambo hayakukwama. Lilichapisha habari za bei ya pamba, mikopo ya wakulima wa alizeti, ng'ombe wa maziwa, na siku hizi dhahabu, dhahabu, dhahabu, kwa kuwa kila kijana mwenye shahada anaamini uchumi ulizaliwa Geita. Wasomaji walikuwa wachache, na walionukuu walikuwa wachache zaidi. Uongozi wa chuo ulikuwa umeshaanza kuuliza faida ya kulifuga.

Mkewe, Scolastika, alifundisha chuo hicho hicho. Alikuwa binti wa Ushirombo, mcheshi na mbishi, aliyethubutu kusahihisha hesabu za mwenyekiti wa kamati ya harusi yake mwenyewe mbele ya wazee. Alikaa miezi mingi kwenye machimbo madogo ya Geita na wanawake wanaoosha marudio, yaani ule mchanga ambao wenye karasha wameshausaga na kuukamua, na maskini wanauosha tena kutafuta punje iliyosahaulika. Huko aliona jambo ambalo hakuna mtafiti aliyewahi kuliandika. Wanawake wale walikuwa wakipelekeana viroba vya mchanga. Leo vya wote viko kwa Monika, wiki ijayo viko kwa Dorika. Scolastika akaandika kwamba ile ndiyo benki yao. Rafiki yao Donatus, aliyekuwa mhariri msaidizi, ndiye aliyeisimamia makala hiyo mpaka ikachapishwa, kwa sababu Otmar hakutaka kusikia watu wakisema amempikia mkewe.

Haikupita miezi mingi figo zikaanza kumsumbua Scolastika. Walikwenda hospitali Mwanza wakarudi, wakaenda tena wakarudi, mwisho wakabaki nyumbani Ngokolo, Scolastika kitandani na Otmar kwenye kiti kando yake, kompyuta ikiwa mapajani. Kila akimwona mumewe anaifungua, aliuliza swali lile lile.

"Baba Anisia, kuna aliyenitaja?"

"Bado. Vitu hivi huchukua muda, Mama Anisia."

Muda ndio ambao hawakuwa nao, na wote wawili walijua. Siku moja asubuhi, alipouliza kwa sauti ambayo ilikuwa karibu haisikiki, Otmar alishindwa kusema bado.

"Yupo mmoja," alisema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Mhadhiri wa Nairobi."

"Anasemaje?"

"Anasema umeona kitu ambacho wengine walikipita."

Scolastika alitabasamu, akaomba uji, na siku ile akaumaliza. Alifariki kabla mwezi haujaandama, akazikwa kwao Ushirombo. Otmar alibaki na mtoto aliyekuwa shule ya bweni, na uongo uliokuwa unamla taratibu. Hakujilaumu kwa kumdanganya mgonjwa. Nani asingefanya hivyo? Kilichomuuma ni kwamba uongo ule haukuwa na haraka ya kuwa kweli. Alikuwa akifungua kompyuta kila siku, na idadi ya nukuu za mkewe ilikuwa sifuri. Alitaka jambo moja tu duniani, mtu mmoja, popote alipo, aisome kazi ya Scolastika na aseme kwamba ameisoma.

Ulipotimia mwaka, wenzake wa chuo walikodi basi wakaenda naye Ushirombo kwenye misa ya kumbukumbu. Baada ya chakula, Donatus alimkuta ameketi peke yake nyuma ya nyumba ya wakwe, sahani haijaguswa. Otmar akamweleza yote, mhadhiri wa Nairobi ambaye hayupo, uji, na ile sifuri.

"Kumbe hiyo ndiyo inayokukondesha," alisema Donatus, Msukuma wa Kishapu, mtu mkubwa mwenye moyo mkubwa kuliko akili yake, ingawa akili pia anayo. "Ndugu yangu, kula kwanza. Hilo tuachie sisi."

Otmar hakuelewa walichoachiwa. Sisi tunaowafahamu watu hawa tunajua. Pale chuoni mtu akifiwa, hakuna anayekaa pembeni. Huyu analeta mchele, yule kuni, mwingine anatoa gari la kubebea maturubai, na asiye na kitu anakuja kulala matangani ili mfiwa asilale peke yake. Ndivyo walivyolelewa, na ni malezi mema. Donatus alipita ofisi moja baada ya nyingine akawauliza wenzake swali jepesi: mchele tulishatoa, sasa mwenzetu anahitaji nukuu, mchumi gani atashindwa kutoa nukuu moja? Hakuna aliyekataa. Wengine walitokwa na machozi kwa uzuri wa wazo lenyewe, na hapakuwa na hata mmoja aliyefikiria kwamba kuna rambirambi zisizotolewa.

Makala za toleo lililofuata zilianza kuingia. Ya kwanza ilihusu bei ya pamba, na kwenye ukurasa wa tatu, bila sababu yoyote, ilisema kwamba bei huyumba, linganisha na Scolastika kuhusu wanawake na viroba. Ya pili ilihusu ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe nao, ilisemekana, ni akiba, kama Scolastika alivyoonyesha kwa ustadi. Ya tatu ilizungumzia ushuru wa stendi, na Scolastika alikuwemo ndani akisubiri basi. Otmar alicheka, kicheko cha kwanza tangu msiba. Alipofika ya tano aliacha kucheka, akafunga mlango wa ofisi, akalia.

Kazi ya mhariri ilikuwa kuzifuta. Aliijua kazi yake; vijana wangapi alikuwa amewafukuza kwa kupachika majina yasiyohusika! Lakini mfiwa hakatai rambirambi. Alizipitisha zote.

Katika rundo lile kulikuwa na makala moja iliyotoka kwa mtu asiyemfahamu, Noela, mwalimu wa sekondari huko Geita aliyekuwa akisoma shahada ya pili kwa masafa. Naye aliandika juu ya wanawake wa marudio. Otmar aliisoma kwa pupa mpaka katikati, akakutana na aya iliyoanza hivi: "Hapa Scolastika alikosea."

Hakuendelea. Damu ilimpanda kichwani. Watu wazima na heshima zao wamekuja msibani na mikono miwili, na huyu mtoto ambaye hakumjua marehemu anakuja kumwambia alikosea! Alimwandikia pale pale, kwa lugha ya kiofisi inayoficha ngumi: aya hiyo haihusiani na hoja kuu, iondolewe pamoja na rejeo lake, na kwa ujumla makala hii ingefaa zaidi jarida jingine. Noela alijibu kwa adabu. Alishukuru kwa ushauri, akasema ameiondoa aya, na atajaribu kwingine. Hasira hasara, walisema wahenga, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na hasira?

Toleo lilitoka. Sifuri ya Scolastika ikapanda, na jarida zima likapanda nalo. Mkuu wa chuo aliwapongeza kwenye kikao na kuagiza soda. Donatus alimkonyeza Otmar kutoka upande wa pili wa meza, na Otmar akainamisha kichwa kwa shukrani, akijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza. Alilala vizuri miezi kadhaa.

Ile taasisi ya ng'ambo inayohesabu nani kamnukuu nani haijui matanga. Inajua hesabu tu, na hesabu zilionyesha jarida dogo ambalo waandishi wake wote, wa pamba, wa maziwa na wa stendi, wamemnukuu mtu mmoja, mke wa mhariri. Waliandika kuomba maelezo. Donatus alijibu kwa moyo mweupe kabisa; alieleza kifo, alieleza misa, alieleza kwamba kwetu ndivyo watu wanavyofarijiana. Maelezo yale yakawa ndiyo ushahidi. Jarida liliondolewa kwenye orodha yao, sababu ikatangazwa hadharani kuwa ni nukuu za kupangwa, na makala iliyotajwa kwa jina kama mfano ilikuwa ile ya Scolastika. Ukilitafuta jina lake mtandaoni sasa, jambo la kwanza unaloliona ni onyo.

Donatus alikuja Ngokolo akakaa sebuleni bila kuvua kofia.

"Nimemzika mara ya pili," alisema.

"Umenifariji," alijibu Otmar. "Mimi ndiye niliyepitisha."

Chuo kililifunga jarida kabla ya mwaka kwisha. Otmar alibaki na vipindi vyake vya darasani na mchana mrefu usio na kazi. Katika mchana mmojawapo, miaka miwili baadaye, alikutana na makala ya Noela, imechapishwa na jarida kubwa la Afrika Kusini. Ilikuwa imenukuliwa na watu wengi, wa Ghana, wa Peru, wa kila mahali panapochimbwa. Walikuwa wakibishana juu ya viroba vya mchanga vinavyohamishwa kutoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine, na walivipa jina la aliyevigundua. Waliviita viroba vya Noela. Otmar alikwenda moja kwa moja mwisho wa makala, kwenye marejeo, akatafuta jina la mkewe. Halikuwepo, na aliyeliondoa alikuwa yeye.

Alipanda basi la Geita kesho yake. Alimkuta Noela kwenye ofisi ya walimu, mwanamke mwembamba mwenye chaki kwenye vidole, anasahihisha madaftari.

"Shikamoo, Dokta," alisema Noela akisimama, maana alimtambua kwa picha.

"Marahaba, mwalimu. Sikuja kukulaumu."

"Hata ungekuja kulaumu, una haki. Wananipa sifa ya viroba, na viroba si vyangu. Mara ya kwanza nilipokwenda pale mgodini nilikuwa na makala ya Mama Scolastika mkononi. Bila ile ningeviona nikadhani ni mchanga tu."

Otmar alivuta kiti akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Basi waandikie wenye jarida," alisema. "Waambie. Nitatoa barua, nitasema ni mimi niliyekuagiza uondoe."

"Nimeshajaribu, Dokta." Noela alizungumza polepole. "Kwenye makala yangu ya pili nilimrudisha, tena mwanzoni kabisa. Wahariri wakaniambia nimtoe. Wamesema chanzo hicho si cha kuaminika, kimefungiwa kwa udanganyifu. Nikabisha. Wakasema nikimwacha humo, hawataichapisha."

"Ukafanyaje?"

Noela aliangalia madaftari. "Nina watoto wawili, Dokta, na shahada sijamaliza. Nilimtoa."

Nje wanafunzi walikuwa wakifyeka uwanja. Otmar aliuliza, kwa aibu, kama ile aya ya kwanza bado anayo.

"Si uliisoma?"

"Nilisoma sentensi ya kwanza."

Noela alimtazama, kisha akatoa simu, akaitafuta, akamsomea kwa sauti ya darasani. Hapa Scolastika alikosea. Viroba si benki, ni maficho. Wanawake huvipeleka kwa wenzao ili waume zao wanapopanda kutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wasivikute nyumbani. Lakini kosa lake ni la mtu aliyekaa chini akawapenda aliokuwa akiwaandika, akawadhania mema. Kila nitakachosema kuanzia hapa ninakisema nikiwa nimesimama mahali aliponionyesha yeye, na kama angekuwa hai ningempelekea ukurasa huu kwanza, ili anibishie.

Otmar alimwomba asome tena. Alipomaliza mara ya pili, kengele ililia, na Noela akachukua chaki zake, akaomba radhi, akaenda darasani.