Alama ya Begani

Wodini walimwita kichanga huyo Bosi, maana kila aliyemchekea alinuniwa kwanza. Kaka yake hakuwahi hata kutambaa. Homa moja baada ya nyingine, mpaka wakamzika. Ndiyo maana safari hii daktari wa watoto hakungoja. Bosi alipozaliwa tu, alimtoa damu akaituma ng'ambo, kwenye maabara yenye kipimo cha kinga, kisha akamwambia mama yake, "Sindano ya begani asichomwe kwanza. Chanjo ile ya kifua kikuu ina vijidudu hai. Wenzake inawalinda, yeye, kama hana kinga, itamuua."

Mama alishika neno. Lakini likizo ya uzazi ilipokwisha alimwachia bibi mtoto, neno akasahau kumwachia.

Majibu yalikuja kwa kuchelewa, kama kawaida yao. Bosi hakuwa na kinga. Hata hivyo, hospitali ya ng'ambo ilikuwa tayari kumpandikiza uboho wa ndani ya mifupa ya dada yake, umpe kinga, mradi afike hana maambukizi. Daktari alifurahi kama mtoto. Akampigia mama simu aje upesi, naye bibi amlete Bosi.

Bibi ndiye aliyetangulia. Akamvua mjukuu shati kwa madaha.

"Watoto wote mtaani wana alama, huyu wangu bega tupu! Nikaona haya. Nikampangia foleni na miguu yangu hii mibovu. Nesi kaniuliza kama ana ugonjwa wowote, nikamwambia, huyu? Huyu simba!" Akacheka. "Ona ilivyoiva, daktari."

Kidonda kilikuwa wazi, kinatoa usaha. Daktari alipapasa kwapani akakuta tezi zimevimba, ngumu. Alitaka kufoka, na hapakuwa na wa kumfokea. Dawa angempa, leo hii hii, lakini alijua zinavyoshindwa kwenye mwili usiojisaidia. Safari ya ng'ambo ilikuwa imekufa.

Mama akaingia anahema, bado na sare ya kazini. Akaliona bega. Akamtazama daktari, na daktari akainamisha macho.

"Mbona mmenyamaza?" bibi akauliza. "Kwani nimekosea, mwanangu?"

Mama alimvalisha Bosi shati, kifungo kwa kifungo.

"Hapana, mama. Umefanya vizuri."

Kisha akatoka koridoni, akaegemea ukuta, akalia ameuma kiganja ili bibi asisikie.