Kipimo Kilichoegemea Ukuta

Tangu asubuhi Gudveig hakuthubutu kulitazama bonde. Baridi ya alfajiri ilikuwa imeyaunguza maua ya mitufaha ya jirani yake, Sjur. Jana yalikuwa meupe, leo yana rangi ya chai. Mwaka huu Sjur hatavuna kitu, na aliyemponza ni yeye, Gudveig.

Kwa miaka thelathini na moja alikitunza kipimo cha joto cha idara ya hali ya hewa, kilichosimama katikati ya uwanja wake. Kikikaribia sifuri, simu za wakulima wote wa bonde hili la Hardanger hulia, nao hukimbilia kufungua maji na kuyanyunyizia maua. Maji huganda, na barafu hiyo ndiyo huyakinga. Kazi ya Gudveig ilikuwa kukisafisha na kukiondolea theluji. Lakini vuli iliyopita nyonga ilimshinda, na badala ya kukiri kwamba amezeeka, akakihamishia kwenye ukuta wa nje wa jikoni, chini ya upenu, pasipofika theluji. Mficha uchi hazai, naye alificha. Ukuta ule huhifadhi joto la jiko mpaka kuche. Alfajiri ile kipimo kilisoma nyuzi tatu juu ya sifuri, na hakuna simu iliyolia.

Mlango ukagongwa. Sjur akaingia na karatasi.

"Tia sahihi hapa, jirani. Tunawashtaki wale mabwana wa utabiri. Wanachojua ni kufunga tai tu!"

"Mimi tena?"

"Wewe ndiye wa kwanza! Nani asiyekuamini bonde hili?"

Akatia sahihi. Ndiyo, alitia. Hapo ndipo aibu ilipompanda mpaka masikioni. Akaishika karatasi asiitoe.

"Sjur, njoo nikuonyeshe kitu."

Wakazunguka nyuma ya nyumba. Sjur akakitazama kipimo, akaugusa ukuta kwa kiganja.

"Tangu lini?"

"Novemba. Sikuweza tena kuzoa theluji. Niliona haya kusema."

Gudveig alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata aliyatamani. Sjur akavua kofia, akajifuta nayo uso.

"Majira yote ya baridi nilikuwa napita hapa na koleo la theluji begani," alisema. "Ungeniita tu, Gudveig."