Kitone Chekundu

...kubwa, basi, achukue kubwa, potelea mbali, kwa sababu ukiitazama picha ya hii kamera kubwa kwenye kioo chake cha nyuma hata kaunta ya duka inapendeza, hata mkono wa muuzaji wenye pete ya shaba unaonekana mkono wa mtu mwenye siri, wakati hii ndogo inaonyesha kaunta kama kaunta na mkono kama mkono, lakini hiyo kubwa inakuja uchi, bodi na lenzi moja na betri moja iliyochoka, na hela alizo nazo zinatosha kubwa peke yake, au ndogo pamoja na maiki na stendi ya miguu mitatu, hakuna njia ya tatu, ameitafuta tangu asubuhi mpaka kichwa kinamgonga, na muuzaji anasema, "Dada, saa saba nafunga, naenda kula," na kwenye benchi la mbao hapo nyuma mpiga picha za pasipoti wa ng'ambo ya barabara, yule mwenye kofia, anaisubiri hiyo hiyo kubwa, amesema mwenyewe bila haya, "Ukiiacha tu, mimi naibeba," na ubavuni mwake amekaa mama, mama mzazi wa huyu dada mnunuzi, mtandio kaufunga shingoni juu ya kile kivimbe, anaongea, anaongea tu, sauti imebaki ya kukwaruza kama ufagio kwenye saruji, na daktari kamwambia aipumzishe, lakini nani wa kumnyamazisha mtu aliyelipwa mshahara miaka thelathini na moja kwa kuongea.

Alhamisi, na leo Jumanne, Alhamisi asubuhi daktari anafungua koo, na hakuzungukazunguka, alisema, "Kimekaa pabaya, tukikitoa huenda na sauti ikaondoka," na mama akamjibu, "Basi mniambie mapema nimalizie matangazo," akacheka peke yake, daktari wa watu asijue atazame wapi, kwa hiyo siku iliyobaki ni kesho, kesho moja, kesho amkalishe mama kitini karibu na dirisha amuulize habari za kituo cha treni, kile kibanda cha vioo juu ya majukwaa alimokaa ujana wake wote akiwaita watu wasiomjua sura, filamu ambayo yeye bintiye ameisema miaka kumi, nitaipiga nikipata kamera nzuri, nikipata kamera nzuri, ikawa ndiyo wimbo wake, na hapo katikati akapiga harusi za watu mpaka wakambandika jina la Klosapu kwa kupenda kuyavuta machozi ya mama wa bibi harusi yajae skrini nzima, jina hilo analicheka lakini linamuuma, kama lilivyomuuma neno la yule jamaa wa kamati ya maonyesho ya filamu, aliyeitazama kazi yake dakika tatu tu akasema, "Picha zako zinanuka harusi," zinanuka, mbele za watu, ndiyo maana inatakiwa kubwa, mama aonekane kama watu wa sinema wanavyoonekana, nyuma yake ukungu, usoni mwanga, na maiki je, maiki ataazima, kwa nani, yule mwenye studio hampokelei simu tangu ampotezee stendi, basi atasogeza kamera karibu, na dirishani mwa mama kuna yule fundi wa mageti anayekata vyuma kuanzia asubuhi, ee Mungu, fundi wa mageti, "Ndogo hii usiidharau, dada," muuzaji anasema, na kweli dakika chache zilizopita alimchomekea kadi yake mwenyewe aliyokuja nayo mfukoni, maana Klosapu si mgeni wa mitumba, hanunui kamera ambayo haijarekodi kwenye kadi yake, akaipachika maiki kichwani, akabonyeza kitufe, kitone chekundu kikawaka kwenye kona ya kioo, "Unaona, inarekodi, haya jaribu mwenyewe," akampa, naye akaipokea huku jicho liko kwa ile kubwa, akamgeukia mama pale kwenye benchi, akabonyeza kama alivyozoea, na mama kuona lenzi tu akanyooka, mikono magotini, kidevu juu, uso umekauka, mpaka yule wa pasipoti akasema, "Hapo hapo mama, usitikisike," duka zima likacheka, "Sema kitu, mama," "Niseme nini?" "Chochote," "Moja, mbili, tatu," basi, ndiyo hayo tu, mwanamke aliyejaza kituo kizima kwa sauti anahesabu mpaka tatu, na kesho atahesabu mpaka tatu vilevile, kamera kubwa au ndogo, basi Klosapu akabonyeza tena, akaiacha ining'inie kwa mkanda kiunoni, na mama papo hapo akalegea, akamgeukia jirani yake, akaendelea pale alipokatizwa.

"...wakaniita ofisini," mama anasema huko nyuma, "bosi ananionyesha karatasi, ananiambia haya maneno yako hayamo humu," na Klosapu anasikia nusu, nusu nyingine iko kwenye betri, betri moja inakaa muda gani, na lenzi ina mkwaruzo au ni uchafu tu, anaifuta kwa ncha ya khanga yake, na kwa nini sasa anamkumbuka baba, kila akishika kamera ngeni lazima baba aje, marehemu baba fundi saa, siku ile amekaa mezani kwake na ile miwani ya jicho moja, kamera ya kuazima, saa nzima ya maswali, na kumbe alikuwa ameibonyeza mara moja zaidi tangu mwanzo, akidhani anaanza kumbe anazima, akidhani anazima kumbe anaanza, hivyo hivyo mpaka mwisho, maswali yote kamera imelala, na kila wakipumzika ndiyo inaamka, akafika nyumbani akafungua kadi akakuta sakafu, sakafu na kandambili za baba na mguu wa meza, dakika arobaini za kandambili, alilia, akapanga kurudi mwezi unaofuata, na mwezi unaofuata baba hayupo, na yeye kwa aibu, kwa hasira, ili mtu yeyote asije akayaona madudu yale, alifuta kila kitu, na mpaka leo akiulizwa anajibu sikupata kitu, sikubahatika, hakuna kilichotoka... "Maneno gani hayo, mama?" anauliza wa pasipoti, na mama anakohoa, anasafisha koo, halafu kwa ile sauti iliyobaki, lakini kwa mdundo ule ule, ule wa zamani, "Abiria wa treni ya saa nne, sogeeni jukwaa la pili, na wenye watoto, washikeni mikono," na mwanamume mzima anaruka kwenye benchi, "Kumbe ni wewe! Washikeni mikono! Yaani mama yangu akisikia hayo ananikamata mkono huku, mpaka vidole vinaniuma!" na muuzaji mwenyewe ameacha kuangalia saa, "Hata mimi," anasema taratibu, "hata mimi nayakumbuka."

"Niliyaongeza siku huyu alipopotea," mama anasema, na Klosapu anajua bila kugeuka kwamba amenyooshewa kidevu, huyu, huyu ni yeye, alipopotea wapi, hajawahi kuambiwa kuwa alipotea, "Alikuwa na miaka minne, sikuwa na wa kumwachia, nikaenda naye kazini, nikamkalisha chini ya meza, kugeuka hayupo, natazama kwenye kioo namwona kule chini ukingoni mwa jukwaa, gauni la njano, na treni inaingia, na ngazi ni ndefu, nikikimbia sifiki," na wa pasipoti ananong'ona, "Ukafanyaje?" "Ningefanyaje? Nina nini mimi? Nikabonyeza maiki nikamwambia, mtoto mwenye gauni la njano, simama hapo hapo, mama anakuja. Akasimama. Hanioni, hajui niko wapi, lakini akasimama," na hapo Klosapu anaacha kuigeuzageuza ile kubwa, kwa sababu anaijua, sauti ile kubwa kutoka juu inayomwambia simama, ameiota miaka yote, akidhani ndoto, na uso haumo ndani yake, hajawahi kuona uso, sauti tu, na lile lingine linamjia papo hapo na halina huruma, baba, baba kwenye zile dakika arobaini, si kwamba hakukuwa na kitu, alikuwemo, aliwaambia wateja wake, bintiye katoka nje kidogo na kamera kaiacha inaning'inia kitini, "Ameshaizima hiyo? Haya, sasa niwaambie ukweli," na akaanza kuuambia, na yeye bintiye alipoona ni sakafu akapeleka mbele, akapeleka mbele tena, akafuta, ukweli gani baba, ukweli gani, alikuwa na sauti ya baba mikononi akaifuta kwa sababu ina kandambili.

"Dada, kubwa au ndogo?" muuzaji anauliza, na kofia inasogea benchini, na ni saa saba kasoro, na hakuna kilichobadilika, kaunta ni ile ile, pete ni ile ile, mama anaongea, na Klosapu anaishusha ile kubwa kwenye kioo cha kaunta, anatazama chini kiunoni mwake ili aivue hii ndogo, na pale kwenye kona, kidogo, kimetulia, kitone chekundu, na picha ya sakafu, na ukingo wa benchi, na miguu ya mama iliyovimba ndani ya malapa, na dakika zinakimbia, sita, sita na sekunde ishirini, Mungu wangu, alibonyeza mara moja zaidi, amelirudia kosa lile lile, neno kwa neno, kituo chote na gauni na treni vimo humu, na pembeni ya dakika vijimstari vya maiki vinapanda na kushuka kila mama akivuta pumzi, na muuzaji naye ameona, anacheka kidogo, ananyoosha mkono wenye pete juu ya kaunta, "Samahani, kumbe niliiacha wazi, lete nikuzimie..."

"Usizime," Klosapu anasema, na mkono wake umeshakifunika kitufe, "mwache amalize."

"...halafu lile gauni," mama anamwambia wa pasipoti, "nililishona mwenyewe, na mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake."