Shemeji Juu ya Udongo Unaowaka

Kituo chetu cha umeme hakichomi mafuta. Kinachoma mboji, ule udongo mweusi tunaouchimba kwenye kinamasi na kuuanika mpaka ukauke. Ubaya wake, moto ukiingia chini unakula kimyakimya, huku juu pakionekana pazima kabisa.

Mchana ule shemeji yangu, dereva wa katapila, alikatiza uwanja wa kuanikia akifuata kofia yake iliyopeperushwa na upepo. Mara mguu ukazama hadi gotini. Akauchomoa, kiatu kinafuka moshi. Akataka kukimbia.

"Shemeji, usikimbie!" nikapiga kelele. "Lala chini! Lala kama siku ile uliyokuja kuposa ukasinzia mbele ya mkweo!"

"We shemeji, huu ni wakati wa utani?"

"Lala kwanza, matusi baadaye! Tambaa! Hilo tumbo leo limepata kazi."

Akalala kifudifudi, akaanza kutambaa. Nikajilaza ukingoni, nikamsukumia ubao mrefu. Nyuma yake ardhi ikatitia, shimo jekundu likafumbua mdomo. Nikanyamaza. Akilini nilishamwona dada yangu amekuwa mjane.

"Mbona umenyamaza?" Shemeji alikuwa analia. "Nitanie, bwana. Ukinyamaza naogopa."

"Unatambaa kama... kama konokono mwenye mimba," nikasema.

Akaushika ubao. Nikavuta. Tulipofika kwenye ardhi ngumu hakuniachia mkono, na mimi utani wote ulikuwa umeniishia.