Tatu, Moja, Moja, Nne

Mwaka 1997 chuo kimoja cha ufundi Kawangware kilipewa msaada wa vifaa vigeni. Kila dawati lilifungwa kisanduku chenye vitufe vinne, nyaya zikapitishwa sakafuni hadi meza ya mwalimu. Mwanafunzi akibonyeza jibu, taa yake inawaka pale mezani: kijani akipata, nyekundu akikosa.

Nafuna, mwalimu wa uhandisi wa ujenzi, alivipenda. Zamani akiuliza kama wameelewa, darasa zima lilimwitikia, hata waliopotea. Sasa aliwaona waliopotea. Alirudia somo la mihimili, akalirudia tena, mpaka taa nyekundu zikawa za kutafuta. Mourine, aliyekuja kila siku kwa miguu kutoka mabanda ya Kianda, ndiye aliyewaelezea wenzake walipokwama.

Kisha wafadhili wakamtuma mkaguzi. Angeuliza maswali mwenyewe, na taa zingeamua kama kozi iendelee au ifungwe.

Gachanja, mkuu wa chuo, aliyapata maswali mapema. Akawakusanya wanafunzi. "Karirini hivi: tatu, moja, moja, nne. Mtu asijifanye mjanja."

"Lakini wanajua kazi," Nafuna alimwambia. "Waache wajibu wenyewe."

"Mwalimu, wewe ni wa kufundisha. Chuo niachie mimi."

Siku ya ukaguzi Gachanja alisimama nyuma ya madawati, akiangalia vidole. Mkaguzi akaanza na swali la mwisho.

Darasa likaganda. Mourine alijua jibu ni la nne, kidole kilishafika. Akageuka. Gachanja alimtolea macho. Akabonyeza tatu, kama wote. Meza ikawaka nyekundu tupu.

"Wanafunzi wanajua," Nafuna alisema. "Waulize kwa mdomo."

"Mashine haina upendeleo," mkaguzi akajibu, akaendelea. Akauliza la kwanza, la pili na la tatu; taa za kijani ziliwaka mara moja tu.

Kozi ilifungwa kabla ya muhula kwisha. Gachanja alieleza kwamba mwalimu hakufundisha, akabaki na ofisi yake. Nafuna alifutwa kazi.

Mourine alimfuata nyumbani kwake, mtaa wa Ayany. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Nilikuwa najua, mwalimu."

"Najua ulikuwa unajua."

"Sasa nitaambia nani?"

Mourine akashuka ngazi taratibu. Wiki iliyofuata alianza kufulia watu nguo katika mtaa uleule, na Nafuna akawa anapitia njia nyingine.