Hodi Ndani ya Laptopu

Laptopu ya mjukuu wangu ilianza kubisha hodi siku moja kabla ya mtihani wake wa kazi. Mlio mmoja unashuka, kimya kidogo, halafu mwingine unapanda. Mwenyewe akanieleza kwamba ndivyo inavyolia mtu akichomoa kitu ubavuni mwake, kisha akakichomeka tena. Shida ni kwamba hapakuwa na aliyechomoa wala aliyechomeka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kufundisha watoto hesabu kwa mtandao, na ameisaka kazi ya namna hiyo tangu amalize chuo. Mtihani ungefanyika kwa kamera, hapo hapo mezani kwetu. Walishamwonya: simu haikubaliki, na kamera ikizimika mtihani unafungwa, basi.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita tangu azaliwe, "kitendawili."

"Tega."

"Anabisha hodi, nikifungua simwoni."

Akasema jibu hana, na leo hana hata moyo wa vitendawili. Nikamwambia huyo tutamkamata leo hii, hata kama hatutakula. Mimi nimezeeka na cherehani. Ikikata uzi nabadilisha kitu kimoja, nashona, nasikiliza, ndipo nagusa kingine. Ukibadilisha vyote kwa mpigo humjui mkosaji.

Tukaanza. Mimi nilishikilia kwamba ni kipanya. Tukakichomoa, ikalia. Nikampa mji, kama mchezo unavyomtaka aliyeshindwa, tena mji wenye bandari. Nikasema basi ni waya wa chaji. Tukauchomoa, ikalia. Nikatoa mji mwingine. Nikasema ni cherehani yangu inayotikisa meza, nikaacha kushona. Kimya kikawa kirefu, nikaanza kujisifu, ikalia.

"Bibi, kwa mwendo huu utabaki huna hata kijiji," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akicheka.

Yeye ndiye aliyepata wazo la kumpigia mama yake kwa video, tuone mlio ukija kunatokea nini. Mama mtu akawa anatusimulia habari za mafua yake. Mjukuu akainamisha kioo kidogo ili na mimi nionekane. Ikalia. Binti yangu akauliza mbona tumemwachia giza. Mjukuu akakirudisha kioo. Ikalia tena, ule mlio wa kupanda, na mama yake akasema sasa anatuona.

Tukatazamana. Kilichokuwa kinachomoka ni kamera yenyewe, iliyofungwa humo humo ndani ya kioo.

Fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili akatueleza kwa simu kwamba waya wa kamera unapita kwenye bawaba. Bawaba imelegea, waya umechakaa, kwa hiyo kioo kikijishukia hata kidogo, waya unaachia. Kipuri hana, labda wiki ijayo.

Mjukuu akainamia ile bawaba. Nikadhani analia, kumbe anapima. Akakisogeza kioo polepole mpaka akapata mahali ambapo kamera haikatiki. Tukaegemeza pasi nyuma yake, kikateleza. Tukaegemeza vitabu, kikateleza.

"Kinataka mkono," akasema.

"Mkono ninao."

Kesho yake nikaketi nyuma ya laptopu, nimekishika kioo kwa mikono miwili. Mjukuu hakumficha msimamizi wa mtihani; neno lake la kwanza lilikuwa hilo. Msimamizi akataka kuniona. Nikachungulia kwa juu, nikamsalimu. Akaniuliza kama hesabu nazijua. Nikamjibu za futikamba tu, za kupima viuno vya watu. Akasema basi siwezi kumsaidia mtu, tuendelee.

Mjukuu akafundisha sehemu na nusu, sauti imetulia kama maji ya mtungini. Mimi huku mabega yanawaka moto, pua inawasha, sipumui sana. Katikati ya somo nikahisi kioo kinataka kushuka. Nikakizuia kwa paji la uso. Laptopu haikulia.

Mwishowe nikamsikia msimamizi akizungumza kwa muda, na mjukuu akiitikia ndiyo, ndiyo, asante. Kisha akaizima laptopu.

"Bibi, achia sasa."

Vidole vilikataa kufunguka. Akazunguka meza, akavikunjua kimoja kimoja, huku akinieleza kwamba anaanza Jumatatu.